Kandili ya Njia ya Nne

Utambi ulikuwa mkavu. Inspekta aliubana kwa vidole viwili, akaunusa, kisha akamsogezea konstebo wake naye anuse. Konstebo alivuta pumzi kwa bidii zote, akasema hasikii harufu yoyote.

"Hata mimi," Inspekta akasema. "Na hicho ndicho kinachonisumbua."

Kandili ilikuwa mezani pale tangu Alhamisi, na kikaratasi cha ushahidi kimefungwa kwenye mshikio. Ilikutwa imening'inia ndani ya handaki, hatua mbili kutoka ulipolala mwili wa mpima ardhi mstaafu. Leo ilikuwa Jumapili. Kesho saa tatu asubuhi jalada lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka, na ndani yake kulikuwa na maungamo ya mzee wa miaka sabini na sita aliyekuwa mahabusu nyuma ya ofisi ile ile. *Kosa ni langu. Niliwasha taa nikaacha njia wazi wakati hewa ni mbaya.* Kwa maneno hayo machache, Mzee Kandili alikuwa anajipeleka kufia gerezani kwa miguu yake mwenyewe, na miguu yenyewe mibovu.

Jina hilo alipewa na kazi. Kati ya kijiji cha juu na kijiji cha chini kuna kilima, na ndani ya kilima waliotangulia walichimba handaki la kupitishia mapipa. Ubavuni mwa handaki ndimo lilimo ghala la mvinyo. Msimu wa mavuno, zabibu zilizokamuliwa huchacha ndani ya matangi na kutoa hewa nzito isiyo na rangi wala harufu, ambayo hutambaa chini kama maji yanayotafuta bonde. Handaki limebonyea katikati, na hapo ndipo hewa hiyo hujikusanya. Mtu akiivuta mara chache miguu humwishia nguvu, akianguka haamki. Kwa hiyo hapo katikati kuna kulabu, usawa wa goti, na kwenye kulabu kandili, na kila asubuhi ya mavuno mlinzi wa ghala hushuka ngazi sitini na mbili kuiwasha. Moto hufa kabla ya mtu. Ukichungulia mlangoni ukaona mwanga, pita. Ukiona giza, zunguka kilima.

Inspekta alizaliwa kijiji cha juu. Hakukumbuka siku aliyofundishwa jambo hilo, kama asivyokumbuka siku aliyofundishwa kutembea.

Alivuta karatasi akaandika mistari miwili, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuamini karatasi kuliko kichwa chake. Kama taa ilikuwa inawaka, hewa ilikuwa safi, na mpima ardhi asingekufa. Kama hewa ilikuwa mbaya, taa ilikuwa imezimika, na mpima ardhi asingeingia. Daktari aliyepasua maiti alisema mtu amekufa kwa kukosa hewa, mwili hauna jeraha wala moyo hauna hitilafu. Basi maungamo ya Mzee Kandili yalikuwa hayawezekani. Isitoshe, tangi la kandili lilikuwa tupu na ndani ya kioo buibui alishajenga nyumba. Taa ile haikuwashwa Alhamisi, wala Jumatano.

Alijilaumu. Siku tatu nzima alikuwa na kitu hicho mbele ya pua yake, akishughulika na mwenye shamba.

Mwenye shamba alikuwa mshukiwa mtamu. Mpima ardhi alihamia kijiji cha chini na mkewe miaka mitatu iliyopita, na kwa kuwa mtu aliyezoea kupima hawezi kukaa bure, akachora njia saba za mbio kupita matuta ya mizabibu, ngazi za mawe na malango ya kale ya vijiji. Alipaka mishale ya rangi kwenye mawe, akachapisha ramani. Wakimbiaji wakaanza kuja kila mwisho wa juma, wengine wakichuma zabibu walizopita. Mwenye shamba alifuta mishale mara mbili, akaapa mbele ya watu kwamba kuna siku mtu atavunjika mguu ndio watatulia. Lakini Alhamisi ile, tangu saa kumi na moja na nusu alfajiri, alikuwa kwenye mzani akipima makreti mbele ya wachumaji thelathini, na alikuwa akiwafokea kiasi kwamba wote thelathini walimkumbuka vizuri. Inspekta alipoteza siku mbili kuthibitisha hilo. Siku hizo mbili mzee alizilala kwenye sakafu ya saruji.

Alimwita fundi saa. Huyu ndiye aliyekimbia na marehemu kila Alhamisi, na vijijini walimwita Saa, kwa kazi yake na pia kwa ubishi wake juu ya dakika. Walipanda naye hadi mlango wa juu wa handaki kwa Njia ya Nne yenyewe, ile ipitayo handakini, kupita matuta yaliyokwisha kuvunwa, kupita ukuta wa zamani ambao mawe yake yalikuwa na mshale mwekundu kila baada ya hatua mia. Mishale ilikuwa imenyooka kwa rula. Konstebo alihema nyuma yao, amebeba mshumaa na ufito wa kuegeshea mizabibu. Saa alitazama chini muda wote. Mtu huyo alikuwa amekonda kwa siku tatu.

Alieleza kwamba walifika pale saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja. Yeye alitaka kuongeza kilomita, akachagua kuzunguka kilima. Mwenzake alichungulia ndani.

"Akasema, 'Inawaka. Tukutane kisimani.' Akaingia. Nikafika kisimani, nikamsubiri dakika ishirini na mbili, Inspekta. Namcheka moyoni kwamba leo nimemshinda."

"Wewe ulichungulia?"

"Nilichungulia. Ilikuwa inawaka kweli."

"Mwanga wa rangi gani?"

Saa alifikiri. Kazi yake ilimfundisha kutazama vitu vidogo, na sasa alivitazama tena kichwani. "Mweupe," akasema. "Mweupe, umetulia."

"Haukuchezacheza?"

"Hata kidogo." Naye ni mzaliwa wa kijiji cha juu, na Inspekta aliona jambo linamwingia taratibu. "Mungu wangu," akasema kwa sauti ndogo. "Kandili haina mwanga mweupe."

Walifungua utepe wa polisi. Konstebo alifunga mshumaa kwenye ncha ya ufito, wakashuka polepole, Inspekta akihesabu hatua kwa sauti, mshumaa ukitangulia usawa wa goti. Hatua ya kumi na nne mwali ulipungua. Ya kumi na saba ukawa buluu. Ya kumi na nane ukafa bila hata moshi wa maana, na Inspekta akawaamuru wote warudi juu, haraka, bila kuinama. Huko chini, palipokuwa na kulabu, zilibaki hatua nyingine ishirini. Moto haukai pale wakati huu wa mwaka. Kilichomwita mpima ardhi hakikuwa moto.

"Basi mtu aliweka taa isiyozimika," konstebo akasema wakiwa nje. "Makusudi. Ni mauaji haya."

Inspekta alikuwa akifikiria nani alitangulia kumkuta maiti, na nani alikuwa na nafasi ya kubadilisha taa kabla ya kupiga kengele. Jibu lilikuwa moja, nalo lilikuwa mahabusu likiomba lifungwe.

Chumba cha Mzee Kandili kilikuwa juu ya ngazi za ghala: kitanda, jiko dogo, kiti kimoja, makoti mawili kwenye msumari. Aliishi peke yake tangu mkewe afariki, na chumba kilifagiliwa vizuri kuliko ofisi ya polisi. Walipekua kwa utaratibu, konstebo kulia, Inspekta kushoto. Chini ya kitanda kulikuwa na pipa dogo bovu. Ndani ya pipa kulikuwa na taulo linalonuka dawa ya kuchua, na ndani ya taulo taa ya betri, mpya, yenye mshikio mpana. Inspekta alibonyeza kitufe. Mwanga ulikuwa mweupe, na ulitulia.

Alipoigeuza aliona kitako kimebandikwa lebo, ile nyeupe yenye ukingo wa kijani wanayobandika kwenye chupa za dawa. Juu yake kwa wino wa buluu, kwa mwandiko wa mviringo ambao kila nyumba ya vijiji vile inao kwenye kabati la dawa, iliandikwa: *Washa asubuhi, zima jioni. Betri wiki tatu.*

Inspekta alikaa kwenye kile kiti kimoja. Konstebo alimuuliza kama anajisikia vibaya, naye akasema ndiyo, anajisikia vibaya sana.

Mfamasia wa kijiji cha chini alikuwa mke wa marehemu.

Alirudi ofisini, akamtoa mzee mahabusu, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe chenye mto. Akaweka taa mezani kati yao. Mzee Kandili aliitazama, halafu akatazama dirishani.

"Shikamoo, Mzee. Nimeanza vibaya, hata salamu sijakupa."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ungeiacha ilipokuwa."

"Nani aliitundika?"

"Mimi."

"Mzee, wewe umeishi na kandili ile miaka arobaini. Huwezi kutundika taa ya betri pale, hata ulewe."

Mzee alisugua magoti. Kisha akaeleza, kwa sauti ya mtu anayeshusha mzigo asiotaka kuushusha. Wiki ile magoti yalimshinda kabisa. Hakushuka Jumanne, hakushuka Jumatano. Hilo halikuwa na hatari: handaki likiwa giza, watu huzunguka, basi. Jumatano jioni mfamasia alimletea dawa ya kuchua, kama alivyokuwa akimletea kila wiki bila kuombwa, pamoja na hiyo taa, akisema ameona huruma, mzee mzima kushuka ngazi zote zile kwa ajili ya taa ya mafuta. Mzee alimshukuru, akamwambia ngazi leo haziwezi, na kandili iache tu. Akapokea dawa. Usingizi ukamchukua akidhani mwenzake amekwenda nyumbani.

"Alhamisi nikasema nijikokote niangalie. Nimefika ngazi za chini nikaona mwanga. Mwanga mweupe. Nikajua, mwanangu. Kabla sijamwona mtu, nikajua." Alifuta macho kwa kiganja. "Nikavuta pumzi nikaibana, nikaenda nikaitoa, nikatundika yangu. Nikatoka, nikapumua, ndipo nikapiga kengele."

"Ungekufa na wewe."

"Ingekuwa afadhali." Hakusema kwa kujihurumia, alisema kama anataja bei ya chumvi. "Sikiliza. Mimi nina miaka mingapi iliyobaki? Yule ni mtu wa miaka hamsini. Akinichukia mimi ataishi. Akijua, ataishije? Mwache anichukie. Nakuomba kama mzazi wako."

Inspekta aliwahi kuombwa mengi katika ofisi ile, mengi ya kijinga. Hili halikuwa la kijinga, na aliona haya kwamba ni lazima alikatae. Alimwambia hawezi kupeleka mbele ya sheria maandishi anayojua ni ya uongo, na hawezi kumfunga mtu kwa kosa ambalo halikutendeka. Mzee akatikisa kichwa, akasema wasomi wana roho ngumu.

Kabla ya kuondoka alifungua saraka ya meza yake. Chini ya barua na pini ilikuwepo ramani ya njia saba, aliyopewa na marehemu mwenyewe miezi miwili nyuma, siku alipokuja kuomba kibali cha mbio za mwisho wa mavuno. Alimkumbuka amesimama pale, raba zina vumbi, akimwonyesha kwa kidole jinsi vijiji vilivyoshikana. Inspekta aliisoma tena ile sentensi aliyoisoma siku ile akatabasamu. *Njia ya Nne, handaki: taa ikiwaka, pita. Taa ikizimika, zunguka, kuna giza.*

Kuna giza. Maneno hayo mawili yalimwonyesha kila kitu. Mtu yule, aliyepima kila jiwe, alidhani taa ni ya kuonea njia.

Duka la dawa lilikuwa wazi ingawa ilikuwa Jumapili. Mfamasia alikuwa nyuma ya kaunta katika nguo nyeusi, akipanga upya chupa zilizokwisha kupangwa. Nyumbani hakukaliki, alieleza, raba za mumewe ziko mlangoni. Kisha akauliza, kama alivyouliza kila siku tangu Ijumaa, kama kesho mzee anapelekwa mahakamani. Alitaka apelekwe. Mtu aliyepewa kazi ya kulinda watu akalala hawezi kuachwa hivi hivi.

Inspekta alimwomba akae. Hakukaa. Basi akaitoa taa kwenye mfuko, akaiweka juu ya kaunta.

"Hii ni yako, dada?"

"Ni yangu. Nilimpa yeye." Uso ulikunjamana. "Mmeitoa wapi? Mimi niliitundika kule chini."

"Uliitundika lini?"

"Jumatano jioni. Alisema hawezi kushuka, magoti. Nikafikiri mume wangu atapita kesho asubuhi, kuna giza, atajikwaa. Nikashuka mwenyewe. Nikawasha, nikaiondoa ile ya zamani nikaiweka pembeni." Alisema yote hayo bila wasiwasi, hana hili wala lile. "Hakuna aliyeniuliza juu ya taa. Kwani taa imefanya nini?"

"Jumatano jioni kule chini hukusikia kizunguzungu?"

"Kidogo. Nilijua ni zile ngazi." Hewa ile hupanda na kushuka, Inspekta alijua, usiku baada ya tangi jipya kujazwa huongezeka. Mwenye shamba alijaza matangi mawili Jumatano usiku. Habari hiyo ilikuwamo kwenye jalada, ukurasa wa sita, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiandika.

"Dada," akasema, "ile kandili haikuwekwa pale ili watu waone njia."

Alieleza pole pole, akitumia maneno machache kadiri alivyoweza. Moto hufa kabla ya mtu. Mfamasia alikuwa mtu aliyesoma, alijua hewa ile ni nini na inafanya nini. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alishika ukingo wa kaunta. Inspekta aliona vidole vikibadilika rangi, akazunguka kaunta ili awe karibu akianguka. Hakuanguka.

"Aliona mwanga," mfamasia akasema.

"Aliona."

"Wangu."

Inspekta aliisogeza taa mbali naye.

"Miaka mitatu," mwanamke akasema. "Miaka mitatu tumekaa hapa. Tumewapa dawa, mmekula kwetu, tumezika na ninyi. Mbona hakuna hata mmoja aliyetuambia?"

Hilo ndilo swali ambalo Inspekta aliliogopa tangu ofisini. Alikunjua ramani, akaiweka kando ya taa, akamwonyesha mstari. Akamwambia kwamba alipewa ramani hiyo mkononi, akausoma mstari huo, na hakusema neno. Si kwa ubaya. Haikumjia kwamba kuna mtu mzima asiyejua. Huku kwetu wanasema mwenye macho haambiwi tazama, na kwa methali hiyo wamejisamehe uvivu mwingi. "Ningesema sentensi moja tu siku ile, mumeo angekuwa hai. Najuta, dada. Sikuja kama polisi tu, nimekuja kukwambia hilo pia."

Mfamasia alisoma mstari ule kwa muda mrefu kupita urefu wake. Baadaye akauliza, kwa sauti kavu, mbona basi taa iliyokutwa ilikuwa ya mafuta.

"Mzee aliibadilisha. Aliingia kwenye hewa ile akaitoa yako, akaificha. Akaandika kosa ni lake."

"Kwa nini?"

"Ili usijue."

Hapo ndipo alipokaa. Alilia bila kujificha, kwa sauti, na Inspekta akakaa naye sakafuni nyuma ya kaunta, migongo yao kwenye masanduku ya dripu, hadi kilio kikaisha chenyewe. Alipoweza kusema, alisema aliambiwa tangu utotoni tenda wema uende zako, naye alitenda, akaenda zake. Inspekta alimweleza kitakachofuata: ataandika ilivyokuwa, ajali, na mwendesha mashtaka ataamua, lakini yeye haoni hapo mtu wa kumfunga. Mfamasia alisikiliza kama anayesomewa masharti ya dawa ya mtu mwingine.

Kisha aliinuka. Akaosha uso kwenye sinki, akachukua chupa kwenye rafu ya tatu, akabandika lebo, akashika kalamu. Aliandika: *Asubuhi na jioni. Chua hadi ipate joto.* Akafunga duka, wakatembea kupita mishale myekundu kwenye mawe.

Mzee Kandili alikuwa bado kwenye kiti chenye mto. Alipomwona nani ameingia nyuma ya Inspekta, alimtazama Inspekta kwa lawama ambayo huyo ataikumbuka maisha yake yote. Mfamasia alipiga magoti mbele yake kwenye saruji, akafungua kizibo.

"Shikamoo, Mzee," akasema. "Nipe mguu."

Mzee aliitikia marahaba kwa midomo tu, akainama, akakunja suruali hadi juu ya goti.